Kujiandaa kwa Mbio za Jeshi: Pumzi Huja Mapema, Mifupa Huchelewa

Kila inapotangazwa kwamba Jeshi la Ulinzi la Kenya litasajili makurutu, barabara na fuo zetu hujaa vijana wanaokimbia. Utawaona Mama Ngina, Likoni, Mtwapa, Kilifi, hadi Malindi. Wengine wamevaa sweta mbili na kujifunga nailoni tumboni ili “wakate mafuta”. Wengine hukimbia saa saba mchana ili “wazoee jua”. Wengi wao hawajakimbia hata kilomita moja mwaka mzima, na sasa wamebakiwa na wiki tatu tu.

Mimi ni askari mstaafu. Kwa miaka mingi kazini nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mazoezi ya viungo, na tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kwetu kujiandaa. Nimewaona vijana wenye nia safi na afya njema wakiikosa nafasi kwa sababu siku ya usajili imewakuta wakichechemea. Hawakushindwa kwa uvivu. Walishindwa kwa sababu walifanya mengi mno kwa muda mfupi mno. Leo nataka kueleza namna ya kuanza mazoezi ya pumzi kwa usalama, na sababu ya kila hatua, maana kijana akijua sababu hatahitaji kusimamiwa.

Mazoezi ya pumzi ni yapi?

Haya ndiyo wataalamu wanayoyaita mazoezi ya aerobiki. Ni mazoezi yanayotumia misuli mikubwa, hasa ya miguu, kwa muda mrefu bila kukata pumzi: kutembea kwa kasi, kukimbia taratibu, kuogelea, kuendesha baiskeli. Mwili huyafanya kwa kutumia oksijeni, kwa hiyo moyo, mapafu na damu hujifunza kuipeleka oksijeni hiyo kwenye misuli kwa wingi zaidi. Mbio fupi za kufa na kupona ni kitu kingine. Misuli huchoka baada ya muda mfupi na mtu hulazimika kusimama.

Jina hilo lilienea duniani kupitia daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Kenneth Cooper, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1968. Ndiye aliyeleta kipimo rahisi cha kukimbia kwa dakika 12 na kuangalia umefika umbali gani. Hadi leo hicho ni kipimo kizuri kwa kijana asiyekuwa na chochote ila saa ya simu na uwanja wa shule.

Askari anaihitaji pumzi kuliko kitu kingine chochote. Kazi yake ni kutembea mwendo mrefu akiwa amebeba mzigo, kisha afike akiwa bado na akili timamu ya kufanya kazi iliyompeleka. Misuli mikubwa bila pumzi haifiki mbali.

Kwa nini nasema mifupa huchelewa

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Ukianza mazoezi leo, moyo na mapafu yako vitaanza kubadilika ndani ya wiki chache. Utajisikia mwepesi. Utadhani uko tayari kuongeza kilomita mara mbili. Lakini mifupa na kano haziendi kwa mwendo huo.

Mfupa ni kitu hai. Ukiupa kazi mpya, mwili kwanza huondoa sehemu iliyochoka, kisha hujenga upya palipo imara zaidi. Kuondoa hutangulia, kujenga hufuata, na kati ya hayo mawili kuna wiki kadhaa ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Ni kama fundi anayebomoa kuta ili aweke matofali mazuri: ukipandisha mzigo juu ya nyumba kabla saruji haijakauka, nyumba itapata ufa. Na wiki hizo za udhaifu ndizo zile zile ambazo pumzi yako imeanza kuwa nzuri, nawe unahisi unaweza kupaa.

Jambo hili si geni majeshini. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu na kupata maumivu makali baada ya kutembea masafa marefu. Baadaye, eksirei ilipopatikana, ikaonekana kwamba mifupa ya miguu yao ilikuwa na nyufa. Hadi leo nyufa hizo za muundi na za unyayo ni miongoni mwa sababu kubwa za makurutu kukatiza mafunzo katika majeshi mengi. Watafiti wa majeshi ya Marekani waliona pia kwamba vikosi vya makurutu vilivyopunguziwa kilomita za kukimbia viliumia kidogo zaidi, na uwezo wao wa kukimbia haukushuka kwa kiasi cha maana. Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka, na madaktari wa jeshi wameliona hilo kwenye picha za eksirei.

Kabla ya hatua ya kwanza

Nenda zahanati au kituo cha afya, upimwe presha, moyo usikilizwe, na damu iangaliwe kama una upungufu. Mweleze mhudumu ukweli ikiwa umewahi kuzirai au kuumwa na kifua ukikimbia, ikiwa una pumu, au ikiwa kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Mtu wa namna hiyo asianze mpaka daktari amruhusu.

Kwa sisi watu wa Pwani kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila kijana akifanye: cha seli mundu. Aliyerithi chembe hizo kwa wazazi wote wawili huwa mgonjwa, na kwa kawaida hujulikana tangu utotoni. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa, na anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua. Hali hii ni ya kawaida sana kwetu, kwa sababu chembe hizo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, na Pwani imekaa na malaria tangu zamani. Lakini akisukumwa kupita kiasi katika joto kali, mtu huyu yuko hatarini zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu makurutu wa Marekani ulionyesha kwamba vifo vya ghafla wakati wa mazoezi vilikuwa vingi zaidi kwa wenye hali hiyo. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2016, uliofanywa baada ya jeshi kuweka masharti ya maji, mapumziko na joto kwa askari wote, haukuona tena tofauti ya vifo, ingawa hatari ya misuli kuharibika ilikuwa bado juu. Maana yake ni kwamba mwenye hali hii anaweza kufanya mazoezi na anaweza kuwa askari. Aijue hali yake tu, aanze taratibu, na asifanye mashindano ya kujiua juani.

Ratiba ya wiki 12

Usisubiri tangazo. Anayetaka kuwa tayari aanze miezi mitatu kabla, na kwa kuwa tarehe huwa haijulikani, wakati mzuri ni sasa. Fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, na usikimbie siku mbili mfululizo. Kila mara anza kwa dakika tano hadi kumi za kutembea na kulegeza viungo ili mwili upate moto, na umalize kwa kutembea dakika tano. Usisimame ghafla baada ya mbio, maana damu hubaki miguuni na unaweza kuzirai.

Wiki ya 1 na ya 2: tembea kwa kasi dakika 30. Usikimbie, hata kama unajihisi unaweza.

Wiki ya 3 na ya 4: kimbia taratibu dakika moja, tembea dakika mbili. Rudia mara kumi.

Wiki ya 5 na ya 6: kimbia dakika tatu, tembea dakika moja. Rudia mara sita.

Wiki ya 7 na ya 8: kimbia dakika 20 bila kusimama, kwa mwendo wa pole.

Wiki ya 9 hadi ya 11: ongeza dakika kidogo kidogo kila wiki. Siku moja tu kwa wiki, badala ya mbio za kawaida, kimbia kwa kasi dakika mbili, tembea dakika mbili, mara tano au sita.

Wiki ya 12: punguza kila kitu nusu. Mwili hupata nguvu ukiwa umepumzika. Anayefika siku ya usajili akiwa amechoka ameitupa kazi ya miezi mitatu.

Ukishafika kwenye mbio za mfululizo, usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Ikiwa wiki moja imekushinda, irudie kabla ya kuendelea. Mkoba wenye mzigo usiuguse mpaka miguu izoee, na ukianza kuubeba, tembea nao tu, usikimbie nao. Pima dakika 12 za Cooper mwishoni mwa wiki ya 8 na ya 11, uandike umbali kwenye daftari. Utajishindanisha na nafsi yako.

Utajuaje kasi inayofaa?

Kipimo cha kwanza ni mdomo wako. Ukiwa unakimbia, jaribu kuzungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima, kasi ni sawa. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukitoa neno moja moja kwa kuhema, punguza.

Kipimo cha pili ni mapigo ya moyo. Toa umri wako katika 220. Jibu ndicho kikomo cha makadirio. Kijana wa miaka 20 atapata 200. Mazoezi ya pumzi yafanyike kati ya asilimia 60 na 80 ya kikomo hicho, yaani kwake yeye mapigo 120 hadi 160 kwa dakika. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde kumi, kisha zidisha kwa sita.

Kwa wanaosimamia vikundi vya vijana nina ombi moja. Msiwakimbize wote kwa mwendo wa aliye bora. Wapimeni, muwagawe makundi mawili au matatu kulingana na uwezo. Mkiwapeleka wote kwa kasi moja, wenye nguvu hawafaidiki na wanyonge huumia.

Joto letu si la mzaha

Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza likikauka. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hutiririka tu bila kukauka. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa wakati wa kaskazi huumiza kuliko nyuzi hizo hizo mahali pakavu. Jeshi la wanamaji wa Marekani la Marine lilijifunza hilo kwa uchungu katika miaka ya 1950, likatengeneza kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na jua. Kambini hupandishwa bendera za rangi tofauti, na ikipanda nyeusi mazoezi mazito husimama.

Sisi hatuna bendera mtaani, lakini tuna saa. Kimbia baada ya swala ya alfajiri hadi saa moja asubuhi, au jioni baada ya saa kumi na moja. Ukitoka mahali pa baridi, au ukianza mazoezi msimu wa joto, upe mwili siku kumi hadi wiki mbili za kuzoea. Tupa mbali sweta na nailoni. Kinachopungua hapo ni maji, wala si mafuta. Uzito hurudi ukinywa, lakini ukipata pigo la joto huenda usirudi wewe.

Pigo la joto hutambulika hivi: mwenzako anaanza kuyumba, anaongea yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, au anaanguka. Usidanganyike kwa kuwa bado anatoka jasho. Mpoze kwanza, halafu ndipo umsafirishe. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu kama ipo, huku mwingine akitafuta gari. Endeleeni kumpoza njiani. Asiye na fahamu msimpe kitu mdomoni. Dakika za mwanzo ndizo zinazoamua.

Maji, chakula na muguka

Kunywa kabla hujaona kiu kali, lakini usipite kiasi. Maji mengi mno huzimua chumvi ya damu, na watu wamekufa kwa hilo pia. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Hata katika joto kali, askari wake asizidishe takriban lita moja na nusu kwa saa. Kwako wewe unayekimbia nusu saa, glasi moja kabla na mbili tatu baadaye zinatosha. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya maji ya ndimu ni sawa. Ukiwa na rangi ya strungi baada ya mazoezi makali, na misuli inauma na kukaza, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda misuli inavunjika na kuziumiza figo.

Dafu ni zuri, lakini lina chumvi kidogo. Kunywa na ule chakula chenye chumvi. Mbaazi, samaki, mayai, maziwa, mchicha na mihogo vyote vipo kwetu na vinajenga mwili. Wasichana hasa wale vya kutosha na waangalie damu. Msichana ambaye hedhi yake imesimama baada ya kuanza mazoezi, na hana mimba, mwili wake unasema chakula hakitoshi na mifupa iko hatarini. Amwone daktari.

Wakati wa Ramadhani usiache kabisa. Tembea au kimbia kwa pole muda mfupi kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe, na usiongeze chochote mwezi huo. Muguka na sigara usivichanganye na mazoezi haya. Muguka huharakisha moyo, huondoa njaa na kuiba usingizi, na usingizi ndio wakati mwili unapojijenga. Mvutaji naye, tafiti za majeshi zinaonyesha, huumia zaidi mafunzoni.

Pa kukimbilia na viatu

Ufuo ni neema, lakini una masharti. Kimbia maji yanapokupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu huvuta kano ya kisigino. Ufuo ulioinama hufanya mguu mmoja ufanye kazi kuliko mwingine, kwa hiyo kila unapokwenda upande mmoja, rudi kwa njia hiyo hiyo. Viatu visiwe vya bei kubwa. Raba za mitumba kutoka Kongowea zinafaa, ilimradi zikutoshe na soli isiwe imekwisha. Siku ya mapumziko unaweza kuogelea, bora usiwe peke yako.

Wakati wa kusimama

Usifanye mazoezi ukiwa na homa. Maumivu ya misuli yanayoenea na kuisha baada ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kuweka kidole na kusema “hapa”, hasa kwenye muundi au unyayo, yanayozidi ukikimbia, hayo si ya kuvumilia. Simama, ogelea au endesha baiskeli ikiwa haiumi, na umwone daktari. Ufa unaopumzishwa mapema hupona kwa wiki kadhaa. Ukikaidi, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Na ukichaguliwa, kumbuka kwamba chuo cha makurutu kipo Eldoret, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, na mtoto wa Pwani atahema siku za mwanzo hata akiwa na pumzi nzuri. Usiogope wala usijione dhaifu. Mwili huanza kuzoea baada ya wiki mbili tatu. Aliyekwenda na msingi imara atavuka. Aliyeujenga kwa wiki tatu za pupa ataumia zaidi, kwa sababu kule hatachagua tena siku ya kupumzika.

Wazazi, msimwambie kijana anayetembea wiki ya kwanza kwamba anapoteza wakati. Anajenga mifupa itakayombeba miaka ishirini ya utumishi. Na hata kama jina lake halitaitwa, atabaki na moyo wenye afya.